Somo: Kuzungumza Marekani na China barzani bila dele la kahawa kupinduka

Assalamu alaykum. Watu wananiuliza barza yetu ya Mkoani, Pemba, inaendeshaje mazungumzo ya Jumamosi juu ya ugomvi wa Marekani na China. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, naandika mara moja tu. Sisi tulianza kwa kukosea.

Siku ya kwanza tulifungua na Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake. Kwa dakika kumi kila mtu alikuwa mtaalamu. Halafu mmoja akataja mwaka 2016, ule wa uchaguzi wa marudio wa Zanzibar, mwengine akainuka, dele likapinduka na kahawa ikamwagikia dhumna. Aliyeinuka hakuinuka kwa ajili ya Taiwan. Pemba ukisema Marekani na China, mara mbili kati ya tatu mtu anasikia chama chake na chama cha jirani yake. Asiyelijua hilo asiongoze barza.

Hatua ya 1: Anzeni na mnachokiona. Hospitali ya Abdulla Mzee iko hapahapa Mkoani. Jengo jipya la 2016 ni la msaada wa China. Madaktari wa Jiangsu, jimbo la China, wanakuja Zanzibar tangu 1964, na wataalamu wao wa kichocho wamepita mitoni kwetu wakisaka konokono wanaoueneza. Upande wa pili, nani hakumbuki siku za kupuliziwa dawa ya mbu majumbani? Vitanda nje, masufuria nje, kuku wanazurura sebuleni. Ile ilikuwa pesa ya Marekani, mpango wa malaria ulioanza 2006. Barabara kadhaa za vijijini Pemba nazo ni pesa yao, kupitia MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, mkataba wa 2008. Kila mtu ataje kimoja alichokigusa kwa mkono wake, kisha muulizane: aliyetoa alitaka nini? Jibu la "anatupenda" halikubaliwi.

Hatua ya 2: Wekeni kanuni ya neno la kwanza. Kila anayesema aanze na moja kati ya haya: *nimeona*, *nimesoma*, *nadhani*. Mwanzo watacheka. Baada ya wiki mbili utamsikia mzee wa miaka sabini akijikata mwenyewe: "Nimeso… la, nadhani." Hapo kazi imeiva.

Hatua ya 3: Someni kisa kimoja hadi mwisho. Msirukeruke. Sisi tulichukua cha Salim Ahmed Salim, kwa sababu ni mtoto wa visiwa hivi na mataifa yote mawili yamo ndani yake.

Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuipa Beijing kiti cha China kilichokuwa kimekaliwa na Taiwan. Kura 76 zilikubali, 35 zikakataa, 17 hazikuelemea popote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliopeleka azimio, na balozi wetu pale New York alikuwa Salim, hata miaka thelathini hajatimiza. Marekani ilishindwa mbele ya dunia nzima. Balozi wake siku ile aliitwa George Bush, yule baba.

Sasa nendeni 1981. Salim anagombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. China inamuunga mkono na inamzuia kwa kura ya turufu Kurt Waldheim, katibu mkuu wa wakati ule, aliyetaka muhula wa tatu. Marekani inamzuia Salim vivyo hivyo. Duru 16 zikapigwa, hakuna aliyepita. Mwisho wote wawili wakajiweka kando, akachukua Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Na makamu wa rais wa Marekani mwaka huo? Bush yuleyule.

Hapo simamisha, mimina kahawa, uliza: ilikuwa kinyongo au hesabu? Sisi tulikaa na swali hili Jumamosi mbili. Mimi nasema hesabu, na kinyongo kikatiwa juu kama pilipili. Maana Nixon mwenyewe alikwenda Beijing Februari 1972, miezi minne tu baada ya ile kura, na kuanzia Januari 1979 nchi hizo zina uhusiano rasmi wa kibalozi. Wenyewe walikwishapatana, na Salim akabaki nje.

Hatua ya 4: Geuzeni viti. Shabiki wa China aitetee Marekani, na wa Marekani aitetee China, dakika tano kila mmoja. Akikejeli, anaanza upya.

Hatua ya 5: 2016 iwe ya mwisho, na isomwe kwenye karatasi. Machi mwaka ule bodi ya MCC ilisitisha awamu ya pili ya msaada kwa Tanzania, dola milioni 472, ikitaja uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Swali liwe juu ya Marekani: msaada wenye masharti ya uchaguzi na msaada usiouliza uchaguzi, kila mmoja unanunua nini? Atakayeanza kuhesabu kura za jimbo lake, mwambieni akaoshe vikombe.

Kaeni baada ya alasiri. Adhana ya magharibi itawafungia kikao bila mwenyekiti kugombana na mtu.

MASWALI YA WANABARZA

*Sisi akina mama tunaolima mwani tunakaa wapi? Barza ni ya wanaume.*
Umesema kweli, dada yangu, na ni kosa letu. Sasa tunafanya kikao cha pili uani kwa mmoja wenu, siku za maji mafu. Bamvua, maji yakitoka sana, mko pwani, tusiwasumbue. Mada ya kwanza waliichagua wenyewe: ushuru wa bidhaa wa 2025, Marekani ilipofika asilimia 145 kwa bidhaa za China na China ikajibu 125, kabla ya kushushana Mei kule Geneva. Viwanda vya China ni wachakataji wakubwa wa mwani. *Nadhani* mchakataji akibanwa kule anakouzia, atambana anayemuuzia, na mwisho wa kamba hiyo ni wewe.

*Tumualike ofisa wa ubalozi?*
Akija mmoja, barza imekwisha kuwa yake. Kumjulisha sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, inatosha.

*Vijana wanaleta klipu za simu, kila moja na ukweli wake.*
Tumeongeza neno la nne: *nimetumiwa*. Anayelisema ataje nani kamtumia. Klipu zimepungua sana.

*Shekhe, yule aliyepindua dele alilipa?*
Alileta jipya, si la fundi bati, la dukani, limetoka China. Mpini umeshaanza kulegea. Jumamosi ijayo zamu yake ni kuitetea China, na dele litakuwa mbele yake.