Umeme wa mashine ndogo katika karakana ya nyumbani Lamu

Chumba cha chini kinapogeuzwa karakana ya useremala, soketi zake aghalabu ni zile zile zilizotiwa kwa ajili ya redio na pasi, nazo sasa zinatakiwa kuendesha randa na kompresa kwa pamoja. Kabla ya kuchomeka chochote, soma kibandiko cha mashine uone inakula wati ngapi, kisha ugawanye kwa 240, ambayo ndiyo volti ya umeme wa nyumbani Kenya. Grainda ya wati 720 itavuta ampea 3. Kompresa ya wati 1,500 itavuta zaidi kidogo ya 6, na inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya hapo kwa muda mfupi. Jumla ya vyote vilivyo kwenye ekstensheni moja isizidi ampea 13, au pungufu ya hapo ikiwa imeandikwa hivyo.

Ekstensheni ndiyo ninayoihofia zaidi. Ile ya kuviringisha ifunguliwe yote, hata kama unahitaji mita mbili tu, kwa sababu waya uliojikunja hauna pa kutolea joto, na plastiki yake hulainika ndani ambako jicho halifiki. Baada ya robo saa ya kazi, zima, chomoa, uguse waya na plagi: uvuguvugu hauna neno, lakini joto la kukufanya uondoe mkono lamaanisha waya ni mwembamba mno au viungio vimelegea. Fyuzi ikiungua, tia nyingine ya kiwango kile kile, kamwe si kipande cha waya.

Huku kwetu pwani kuna chumvi pia. Kuta za matumbawe hushika unyevu, na hewa ya bahari hutia pini kutu ya kijani inayozuia umeme kupita vizuri, pakazuka joto. Soketi iliyobabuka ibadilishwe, wala isisuguliwe ikarudishwa kazini. Na zilizobaki ziwekwe mbali na unga wa mbao, ambao hushika moto upesi.

Mwite fundi wa umeme mwenye leseni aupime waya wa ardhi na kufunga breka ya miliampea 30, inayokata umeme unapovuja kupitia mwili wa mtu. Kitufe chake cha majaribio kibonyezwe kila mwezi. Isipokata, karakana isitumike hadi ibadilishwe.