Kupata vina vya shairi na wimbo bila kupoteza maana

Anayeanza kutunga kwa Kiswahili hakosi vina. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, irabu zenyewe ni tano tu, na kitenzi kimoja unaweza kukinyumbua mpaka kikaishia unavyotaka: sema, semea, semeka, semwa, hasemi, tuseme. Kinachokosekana mara nyingi ni kina chenye neno zito, neno ambalo lingestahili kukaa pale hata kama kusingekuwa na sharti la vina. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia kulitafuta neno hilo.

Hatua ya 1: Sema jambo lako kwa maneno ya kawaida

Usianze na orodha ya vina. Andika sentensi moja au mbili kama unavyozungumza, bila kuhesabu chochote. Mfano: *Uliondoka bila kuaga, na kikombe chako bado kipo mezani kama ulivyokiacha.* Hiyo ndiyo maana yako. Ukipotea baadaye katikati ya vina, rudi usome sentensi hii.

Hatua ya 2: Chagua neno litakalotoa kina

Tazama sentensi yako na uulize: neno gani likiondoka, jambo lote linaporomoka? Hapa ni kikombe kilichobaki vile vile, kizima. Basi *kizima* kinanipa kina cha mwisho, yaani *-ma*. Kuna mtu aliyekiweka pale: *ulichoweka*. Hapo nimepata *-ka* kwa kina cha kati, yaani kile cha katikati ya mshororo.

*Mezani* pia lilikuwepo, na kina cha *-ni* kinavutia kwa sababu hakiishi. Nimekiacha makusudi, sababu iko katika hatua ya nne.

Hatua ya 3: Zungusha irabu, kisha konsonanti

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiharakishe. Kamusi hupanga maneno kwa herufi za mwanzo, nasi tunayataka kwa miisho. Kwa hiyo yapekue kichwani. Shika silabi ya mwisho, *-ma*, uitangulizie irabu zote tano: *-ama, -ema, -ima, -oma, -uma*. Kisha chukua moja moja na upitishe konsonanti mbele yake kwa mpangilio wa alfabeti, ukitamka kwa sauti hata yasiyo na maana.

Kwa *-ima* utapata bima, hima, lima, nyima, pima, zima. Ongeza silabi mbele: kisima, mlima, mtima, heshima, hekima, lazima, yatima, daima. Kwa *-uma*: chuma, nyuma, tuma, vuma, huruma. Kwa *-oma*: soma, choma, goma, koma, homa, ngoma. Kwa *-ema*: sema, hema, tetema, neema. Kwa *-ama*: hama, zama, kwama, lawama, salama, karama.

Andika yote, hata yale unayodhani hayahusiani na mada. Neno lisilohusiana ndilo mara nyingine huleta wazo ambalo hukuwa nalo. Katika mfano wetu nilikuwa na "bila kuaga". Nilipopitisha konsonanti kwenye *-aka* (paka, saka, taka, waka) nikakutana na *shaka*. "Bila kuaga" ni tendo la mlangoni tu. "Bila shaka" inasema kwamba aliyeondoka hakusita hata kidogo, na hilo linauma zaidi. Kina kimeniletea maana iliyo bora kuliko ile niliyoanza nayo.

Hatua ya 4: Tenga vina vya mzizi na vina vya kiambishi

Chukua *chumbani, njiani, moyoni*. Ondoa *-ni*, kinabaki *chumba, njia, moyo*. Havifanani kwa lolote; kiambishi ndicho kilichofanya kazi yote. Sasa chukua *huzuni, thamani, mgeni, amani*. Hapo *-ni* ni sehemu ya neno lenyewe. Msikilizaji huenda asijue kueleza tofauti, lakini beti tatu za *nyumbani-njiani-moyoni* zitamchosha. Hali ni hiyo hiyo kwa *-wa* ya kutendwa, *-ana* ya kutendana na *-ngu* ya kumiliki.

Sisemi uviache kabisa. Mimi hujiruhusu kiambishi kimoja katika kila ubeti, vingine viwe vya mzizi.

Papo hapo kagua na sauti. *Kazi* na *radhi* havina kina kimoja, wala *kamba* na *raba*, wala *bure* na *kule*. Kama unapozungumza huwa unachanganya *l* na *r*, au *dh* na *z*, hakikisha kwenye kamusi kabla hujaandika.

Hatua ya 5: Pindua sentensi, kisha hesabu mizani

Kiswahili kinakuruhusu kusogeza maneno: "nakikumbuka kikombe hicho" na "kikombe hicho nakikumbuka" zote ni sahihi, na ya pili inakupa *-ka* mwishoni. Jaribu kupindua kabla ya kunyumbua kitenzi, kwa sababu mnyumbuliko hubadili maana. "Umevunja" na "umevunjiwa" si habari moja.

Kwa shairi la tarbia (mishororo minne kila ubeti) lenye mizani kumi na sita, yaani silabi kumi na sita kwa kila mshororo, gawa nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (kipande cha pili). Kumbuka *m* ya *mlango* na *n* ya *nchi* ni silabi kamili. Matokeo ya mfano wetu ni haya:

*Mlango umefungika, sauti yako yavuma,*
*Kikombe ulichoweka, kingali pale kizima,*
*Nauliza kila rika, hakuna anayesema,*
*Ukaenda bila shaka, wala hukurudi nyuma.*

Kiambishi ni kimoja tu, *-ika* ya *umefungika*. Vingine vyote ni vya mzizi.

Mshororo ukigoma, washairi wana ruhusa zao: inkisari ya kufupisha neno (*mwana wangu* likawa *mwanangu*), mazida ya kulirefusha, na tabdila ya kubadili sauti ili kina kikae. Ni ruhusa za haki, lakini ukizihitaji mara mbili katika ubeti mmoja, kina ulichochagua hakikufai. Rudi hatua ya pili.

Hatua ya 6: Kama ni wimbo, vuta kina hadi silabi ya pili kutoka mwisho

Kanuni ya shairi la kimapokeo inaridhika na silabi ya mwisho: *kizima* na *nyuma* ni vina halali. Penye ala za muziki mambo hubadilika. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo ndipo sauti ya mwimbaji hukaa. Basi *kizima* kitapatana vizuri zaidi na *heshima* au *hekima*, na *karibu* na *jaribu*, *haribu*, *taratibu*. Katika kiitikio mimi sikubali pungufu ya silabi mbili.

Wanaochana, yaani wanaorap, wana njia nyingine nzuri: kufuata irabu peke yake. *Safari, asali, ramani* hazina kina kimoja kwa kanuni ya ushairi, lakini zote ni *a-a-i*, na juu ya mdundo wa kasi sikio huzipokea kama ndugu. Ukiitumia, uwe na vina kamili mahali fulani karibu, hasa mwisho wa mstari wa nne, ili msikilizaji apate pa kutua.

Hatua ya 7: Weka hazina yako

Fungua daftari, ukurasa mmoja kwa kila silabi ya mwisho. Kwenye kompyuta, tengeneza jedwali: safu ya kwanza neno, ya pili silabi ya mwisho, ya tatu silabi inayoitangulia. Panga kwa safu ya pili kisha ya tatu, na *-ima* zote zitakaa pamoja. Ingiza maneno unayoyasikia kwenye mazungumzo na kwenye habari, hasa nomino. Vitenzi utavipata tu.

Hatua ya 8: Sikiliza

Soma ubeti kwa sauti, au uimbe, mbele ya mtu asiyejua unachotunga. Kisha mwombe akueleze kimetokea nini. Akikurudishia vina tu bila habari, tafuta mshororo uliouandika kwa ajili ya kina na uuandike upya kuanzia kwenye sentensi yako ya kawaida. Akikwambia kuna mtu ameondoka na kikombe chake kimebaki, nenda ubeti wa pili.