Jinsi ya kupima watoto wanaokosa darasa la kwanza kwa sababu ya mapigano

Anza na rejesta ya uandikishaji. Chukua za darasa la kwanza kwa miaka 3 kabla ya mapigano na kila mwaka baada yake, utenganishe wavulana na wasichana, na uandike umri wa kila mtoto siku alipoandikishwa. Umri ndio unaofichua mengi: mapigano yakitulia, wazazi waliowazuia watoto huwaleta kwa mkupuo, na darasa la watoto wa miaka 6 hujaa wa miaka 9 na 10. Ukitazama idadi peke yake utadhani mambo yametengemaa, kumbe pengo la ile miaka mibaya linapanda darasa moja kila mwaka.

Kisha hesabu vichwa. Jina rejestani si mtoto dawatini, hasa pale fedha au chakula cha shule kinapotolewa kwa idadi ya walioandikishwa. Nenda mara 2, wiki tofauti, siku isiyo ya mgao. Chunguza pia neno "mtoro". Mara nyingi huandikwa mbele ya jina la mtoto aliyekimbia usiku na wazazi wake. Huyo si mtoro, na kumwita hivyo ni kumwonea.

Usihukumu kwa shule moja. Tuseme shule ya eneo la mapigano imepungukiwa watoto 120, na 90 kati yao wamepokewa kule walikokimbilia: unaowatafuta ni 30.

Hao 30 wafuate nyumba kwa nyumba, kwa kuwa kila sababu ina dawa yake. Njia ikiwa ya hatari, watoto watembee kwa kundi pamoja na mtu mzima. Cheti cha kuzaliwa kikiwa kimeungua, mwalimu mkuu ampokee mtoto kwanza, karatasi zifuate. Wa miaka 10 atafutiwe darasa la kufidia miaka aliyokosa, maana aibu ya kukaa na wadogo humtoa tena. Shule ikikaliwa na askari, uliza kama nchi imeliunga mkono Azimio la Shule Salama lililozinduliwa Oslo mwaka 2015. Linataka majeshi yasitumie shule.

Orodha yako iwe na namba badala ya majina, na daftari linalooanisha namba na majina likae mahali pengine. Usiandike popote kwamba mtoto fulani aliwahi kuwa na kundi lenye silaha: karatasi ikiangukia mikononi mwa upande wowote, itawaonyesha pa kumfuata.