Kambamiti wa Feri, soko la samaki Dar es Salaam: kuanzia mnadani mpaka kwenye friza

Kambamiti akishakufa tu anaanza kuharibika, na anaanzia kichwani, kwa hiyo barafu ndo kila kitu.

1. Andaa deli na barafu iliyopondwa kabla hujatoka nyumbani, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya kamba. Usiseme utaitafuta Feri ukishapata mzigo, hapo kamba wanakuwa wanapigwa jua.

2. Kuchagua, hapa usiwe na haraka. Wengi utakaowakuta ni weupe (Penaeus indicus), wale wakubwa wenye milia (Penaeus monodon) bei yao imechangamka. Shika kichwa, kiwe kimekaza mwilini, gamba linang'aa, nyama ukiibonyeza inarudi. Ukiona weusi kichwani ujue sio lazima ameoza, ni kimeng'enya chake mwenyewe kikikutana na hewa, ila maana yake kachelewa kuwekwa barafu, mwache. Na akinuka amonia ondoka hata wakikushushia bei nusu.

Halafu nawaomba sana, vile vidogo vidogo msinunue. Kamba anataga baharini, watoto wanaletwa na maji mpaka kwenye mikoko kama ile ya delta ya Rufiji, wanakulia humo ndo wanarudi baharini kutaga, sasa ukinunua wa saizi ya kidole kidogo huyo hajataga hata mara moja na sisi wa biashara hii mwakani tutauza nini?

3. Kamba wachujwe maji kabla ya kupanda mzani. Simamia mwenyewe.

4. Kwenye deli panga barafu, kamba, barafu, kamba, juu malizia na barafu, kitundu cha chini kiwe wazi maji yatoke. Njiani unaweza kukaa sana, foleni ya Kilwa Road unaijua.

5. Ukifika toa vichwa kwanza, maana mle kuna majimaji ya kusagia chakula yanayolainisha nyama (vichwa usitupe, chemsha supu). Toa na ule uzi mweusi wa mgongoni, ni utumbo. Gamba liache. Weka kwenye kopo, mimina maji baridi yawafunike kabisa ndo ugandishe, hapo friza haitawakausha.

6. Siku ya kupika washushe kwenye friji usiku, usiwaache mezani jikoni. Motoni dakika mbili tatu zinatosha, akishabadilika rangi na kujikunja nusu epua, ukingoja ajikunje duara unatafuna raba.