Madume au majike? Kupanga joto la mayai ya geko chui

Geko chui (Eublepharis macularius), mjusi wa nchi kavu za Pakistan, Afghanistan na kaskazini-magharibi mwa India, haamuliwi jinsia na kromosomu. Huamuliwa na joto linalolipata yai wiki za mwanzo baada ya kutagwa. Wengi hudhani joto likizidi kupanda madume nao huzidi. Sivyo.

Kwenye nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi, karibu wote huwa majike. Kwenye 30 huchanganyika, majike wakiwa wengi. Kwenye 32 hadi 33 madume ndio wengi, ingawa majike hawakosekani. Ukifika 34, majike hurudi karibu wote. Anayetaka madume basi anacheza kwenye upenyo mwembamba sana, na kosa la digrii moja na nusu kwenda juu humpa kinyume. Majike wa joto hilo la juu mara nyingi huwa wakali na hawazai vizuri; likipita 35, kiinitete kiko hatarini kufa. Tunashauri usilikaribie kabisa.

Washa inkubeta (kisanduku cha kuatamishia mayai) siku 3 kabla mayai hayajaingia. Sensa (kihisi joto) ya themostati, kifaa kinachodhibiti joto, ikae usawa wa mayai, isining'inie juu karibu na kifuniko, kwa sababu hewa ya juu huwa na joto zaidi. Weka na kipimajoto cha pili, ukikihakiki kwanza kwenye maji yenye barafu inayoyeyuka: kisiposoma 0, jua kimepotoka kwa kiasi gani. Umeme wenu ukikatika mara kwa mara, jaza nafasi iliyobaki kwa chupa za maji; hushikilia joto.

Yai hili si kama la mjusi kafiri wa ukutani lenye gamba gumu. Gamba lake ni laini kama ngozi, nalo hunywa unyevu wa matandiko. Kwa matandiko, changanya vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) na maji kwa uzito sawa, mathalani gramu 150 kwa 150. Ukiikamua ikachuruzika, imezidi maji na mayai yataota ukungu. Toboa matundu 2 madogo kwenye kopo la matandiko na mayai, upime uzito wake wote na kuuandika. Ukipungua, rudishia maji ya uvuguvugu pembeni, kamwe si juu ya yai.

Jike hutaga mayai 2 kwa kawaida. Kabla ya kuyainua, tia alama ya penseli upande wa juu, uyafukie nusu upande huohuo ukiwa juu. Yai likigeuzwa baada ya siku ya kwanza, kiinitete kinaweza kufa. Baada ya wiki moja hivi, limulike kwa tochi gizani: mishipa myekundu ni dalili ya uhai, ilhali yai la njano lisilo na mishipa huenda ni viza. Usilitupe upesi, subiri hadi linywee au lioze.

Kwenye 27, kuanguliwa huchukua takriban siku 60. Kwenye 32, takriban 40 hadi 45. Jinsia haisomeki siku hiyo. Andika joto la kila kopo, kisha watoto wakifikisha miezi 6 hivi watazame chini ya mkia kwa kioo cha kukuza: dume ana safu ya vitundu vilivyo wazi vyenye umbo la V, na nyuma yake uvimbe 2.