Kuchora ndovu ukiwa handakini Salt Lick

Katika hifadhi ya Taita Hills, jirani na Tsavo Magharibi, hoteli ya Salt Lick imesimama juu ya nguzo, na chini kwa chini kuna handaki linalokufikisha hadi dirisha la kutazamia wanyama kando ya maji. Ukiketi pale, nyayo za ndovu ziko karibu usawa wa macho yako. Sijapata mahali pazuri zaidi pa kumchora.

Hatua ya 1. Zima mlio na mwanga wa simu, kisha tazama tu kwa dakika kumi. Penseli moja laini, ya 4B, inatosha. Raba iache chumbani. Ukishika kufuta, ndovu ameshageuka.

Hatua ya 2. Anza na mgongo. Wa ndovu wetu umebonyea katikati. Ukiuchora umetuna, umemchora wa Asia. Wengi huanza na jicho au pembe, halafu miguu inakosa nafasi kwenye karatasi.

Hatua ya 3. Pima kwa unyayo. Mzunguko wa unyayo wa mbele, mara mbili, unakaribia kimo cha bega. Kwa hiyo upana wake ni kama sehemu ya sita ya kimo hicho, mkubwa kuliko mkono wako unavyotaka kuuchora. Wa nyuma ni mwembamba, umbo la yai.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye kazi. Akisogea, usimfuate kwa kusahihisha mstari. Uache mchoro ulivyo, anza mwingine pembeni. Ndovu anayekunywa hushusha mkonga, huvuta maji, huukunja hadi kinywani, humimina, kisha hushusha tena. Kila mkao utarudi, nawe rudi kwenye mchoro wake uongeze mistari miwili mitatu. Ukurasa wangu mmoja huwa na ndovu watano nusunusu, wote ni yule yule.

Mkonga ukikunjwa, angalia makunyanzi: upande wa ndani yanabanana, wa nje yanaachana. Chora machache tu, yakizunguka kama pete, na mkonga utaonekana mnene bila kivuli chochote.

Hatua ya 5. Udongo wa huku ni mwekundu, na ndovu huuvaa. Palipolowa hugeuka karibu nyeusi. Weka alama ya mpaka huo mapema, andika "maji" na "vumbi" pembeni, maana jua likiwapo haukawii kukauka. Rangi utapaka jioni.