Ukienda kuona chumba, hesabu tailizi

Kabla hujamlipa dalali wa chumba hapa Dar, hesabu tailizi za sakafuni ujue ukubwa wa chumba. Nyingi ni sentimita 40 kwa 40 au 60 kwa 60, kama huna uhakika laza karatasi ya A4 pembeni mwa tailizi, upande wake mrefu ni kama futi moja. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinakula karibu tailizi 4 kwa 5 za zile ndogo, alafu fungua mlango wote uone unaishia tailizi ya ngapi, hapo ndo wengi tunaumia maana kodi ya miezi sita imeshatoka na kabati halina pa kukaa. Tailizi za sakafuni zinazogusa ukuta huwa zimekatwa, usizihesabu nzima. Sakafu ya simenti, tembeza A4 tu, ila kwa futi 10 utakosea kwa kama sentimita 8.